Natema Tu, Sitapiki

Jumapili, 2 Machi

Kesho. Nimelisema neno hilo mbele ya kioo ili nijisikie. Kesho naingia chumba cha upasuaji, na sehemu kubwa ya tumbo langu inatolewa. Kitabaki kitu chembamba kama ndizi. Daktari mwenyewe alinichorea.

Hatari zote alinisomea bila kupepesa macho. Tumbo laweza kuvuja pale linaposhonwa. Damu yaweza kuganda mguuni ikapanda mpaka kwenye mapafu. Njia yaweza kubana, chakula kisipite. Mawe kwenye nyongo. Upungufu wa vitamini, mishipa ya fahamu ikaharibika. Na kufa — hilo alilisema mwishoni, kwa upole sana. Mume wangu aliniminya mkono mpaka pete ikaniuma. Mimi nikauliza swali moja tu: na nikibaki hivi nilivyo? Daktari akaiweka kalamu chini. Akasema nako kuna hatari zake, tena wewe unazijua kuliko mimi.

Nazijua! Mama alianza na kidole gumba cha mguu. Sukari. Kidole, kisha wayo, kisha goti. Tulimzika Mama kwa mafungu. Miaka yake ya mwisho mimi ndiye niliyekuwa namgeuza kitandani, na bado alikuwa akiniomba nimkune unyayo ambao haupo. Sasa sukari yangu nayo imeanza kupanda. Nataka kuzeeka na miguu yangu yote miwili. Sababu ni hiyo. Urembo nao ukija, sitaufukuza.

Dada mkubwa hajaja kuniaga. Tuligombana juzi. Eti kufunga mdomo ni bure, kwa nini nijipeleke kukatwa? Nikamwambia aliyeshiba hamjui mwenye njaa — maana yeye ni mwembamba tangu tumboni, anakula kama mchwa na mwili haujui. Akasimama, akachukua mkoba, akanirushia la mwisho: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!" Guu! Ananiambia mimi habari za guu, kwenye nyumba aliyofia Mama!

Basi nimeapa. Litakalonipata huko mbele, Dada hatanisikia nikilalamika. Hata kikohozi nitakimeza.

Alhamisi, 6 Machi

Niko hai.

Nimeamka na koo kavu, tumbo kama limepigwa teke na punda, na wauguzi wawili wakinikokota nitembee kwenye ukumbi wa wodi. Tembea mama, damu isigande. Nimetembea! Na lile gauni lao limefungwa kwa kamba tu nyuma, kila aliyepita ameuona mgongo wangu wote. Waone tu, wanauaga unene wangu.

Dada alikuja jioni. Alifunua shuka upande wa chini, akanipaka mafuta miguuni, kidole kwa kidole, akafunika, akaondoka.

Jumatano, 19 Machi

Nyumbani. Nakula kwa kijiko cha mtoto. Supu iliyochujwa, uji mwepesi, maji kwa mafunda madogo. Fundi — mume wangu, anachomelea mageti, mtaa mzima wanamwita hivyo nami nimezoea — amekaa mbele yangu na sahani yake ya viazi, anakula huku amegeukia ukuta ili asinitamanishe. Nimecheka mpaka mshono ukanionya.

Muuguzi wa Simu amepiga. Hospitali imempa kazi ya kutufuatilia sisi tuliokatwa. Kila Jumatano atapiga. Sauti nzuri, maswali yale yale kwa mpangilio ule ule. Unakunywa maji? Unatembea? Unameza vitamini? Unatapika? Nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, hapana. Akasema nikitapika mara kwa mara nimwambie siku hiyo hiyo, hata kama ni kidogo. Nikasema sawa. Nilihisi kama nimefaulu mtihani.

Mizani imeshuka. Sitaandika kiasi gani, nisije nikajipiga kijicho mwenyewe. Lakini imeshuka!

Jumatatu, 7 Aprili

Nimerudi kazini!

Chumba chetu cha kuonjea chai kiko ghorofani, juu ya ghala. Ngazi zile zimenitesa miaka. Katikati kuna dirisha. Hapo ndipo nilikuwa nikisimama nikihema, najifanya natazama malori yakipakiwa. Leo dirisha nimelipita. Nimelipita kama silijui! Wapakiaji wawili niliwaacha nyuma na magunia yao, mmoja akauliza huyu ni nani.

Mkubwa wetu wa chumba ndiye aliyenipa jina la Kontena, siku ile ya kwanza niliyokwama kati ya meza na rafu. Watu walicheka, nami nikacheka kuliko wote ili nisionekane nimeumia. Leo alinitazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu. Sasa tutakuitaje? Akajijibu mwenyewe: Kibegi! Chumba kizima makofi. Nikainama kama bibi harusi.

Vikombe vyeupe vimepangwa mezani, chai mbele, majani yaliyolowekwa nyuma yake. Nilikuwa na hamu! Unachota kijiko, unavuta kwa mlio mkali mpaka chai isambae ulimi wote, unaipa nafasi iseme, kisha unatema kwenye ndoo. Humezi. Anayemeza ni mgeni. Mkubwa ana msemo wake kwamba mwonjaji hupimwa kwa anavyotema, na akija mgeni hunisimamisha mimi: tazameni huyu! Mstari mwembamba, mbali, katikati ya ndoo, wala tone halianguki pembeni. Tangu nimalize mafunzo sijakosa ndoo.

Shida moja ndogo. Vile vidonge vya vitamini vinaacha ladha ya msumari mdomoni, siku nzima. Kikombe cha tatu nilikiita kizito, Mkubwa akakionja tena na kunitazama. Siwezi hivyo. Ulimi wangu ndio jembe langu. Nitakuwa navimeza mwisho wa wiki.

Jumamosi, 12 Aprili

NIMEKUNJA NNE!

Nilikuwa nimekaa sebuleni nikichambua maharage, mguu wa kulia ukapanda wenyewe juu ya wa kushoto. Sikuupa amri. Nikautazama. Tangu nilipokuwa msichana sijakaa hivyo! Nimemwita Fundi kwa kelele akadhani nimeanguka, akaja mbio na kofia yake ya kuchomelea bado iko kichwani. Nikamwonyesha. Akasimama pale mlangoni, akaifunua kofia, akasema: "Sasa umebaki kutia miwani na gazeti, uwe waziri."

Nimeshinda hapo mchana kutwa, nne kulia, nne kushoto. Maharage hayajaisha kuchambuliwa.

Nilijaribu nyama laini leo, kipande kama kucha. Kimekwama kifuani. Nikainama kwenye sinki, kikarudi chenyewe. Nikasuuza. Basi.

Jumatano, 16 Aprili

Muuguzi wa Simu. Maji? Ndiyo. Unatembea? Napanda ngazi kama mbuzi. Vitamini? Nameza (sikusema lini). Unatapika?

Hapana, nikasema, natema tu.

Akacheka. Anajua kazi yangu, nilimsimulia zamani. Haya bwana, mtema chai wetu, akasema, hongera sana, hali yako nzuri.

Sikudanganya. Kutapika nakujua mimi — jasho, machozi, mtu ameshika ukuta anaita mama yake. Hii yangu haina fujo. Chakula kinashuka, kinasimama pale kati, kinasema leo sipiti. Nainama, natema, mstari mmoja, kwenye karai. Hata hakinuki. Halafu naosha mdomo naendelea na shughuli. Mtu aliyelipwa miaka yote hii kutema atashindwa kutema kipande cha yai?

Na mizani inashuka! Gauni la kijani, lile la kabla ya ndoa, limepita mabegani, likapita kiunoni, likafika chini lenyewe. Nimecheza peke yangu chumbani.

Jumapili, 27 Aprili

Dada ametualika chakula cha mchana. Mara ya kwanza tangu ugomvi. Nilivaa lile la kijani ili limuume.

Alifungua mlango, akanishika mashavu kwa mikono miwili, akasema: "Mdogo wangu, umekwisha."

Kila mtu mjini ananiambia nimependeza. Muuza mboga, mlinzi wa ghala, mke wa mwenye nyumba. Yeye tu ndiye anayesema nimekwisha! Nikamjibu kwamba waliokwisha wako makaburini. Akaniwekea chakula, kidogo, kwenye kisosi. Alikuwa amekiponda mwenyewe kwa uma. Nilikula vijiko viwili nikahisi kile kisimamo kifuani. Nikaomba njia ya msalani.

Niliporudi alikuwa amesimama nje ya mlango wa msala. Akauliza nimetapika? Nikasema nimetema makohozi. Akanitazama hivi. "Mficha maradhi kilio humfichua," akasema, na sauti haikuwa ya ugomvi. Ningependa ingekuwa ya ugomvi, maana hiyo ningeijibu.

Njiani Fundi hakutia neno. Nikamwambia naye aseme basi! Akasema yeye anachojua ni chuma, lakini chuma chembamba sana hakibebi geti. Wote wamekuwa wenye hekima siku hizi.

Ijumaa, 2 Mei

Kituko cha leo! Nimetoka ofisini kwa ndala za pale chumbani, nimefika dukani kununua sabuni, muuza duka ananiambia: mama, ndala yako moja iko wapi? Nikatazama. Mguu wa kushoto mtupu, una vumbi. Ndala imebaki njiani huko na mimi sina habari! Tumecheka wote pale dukani.

Ni hii nne yangu. Nakunja mno, miguu inakufa ganzi. Kwanza vidole, sasa hadi kifundoni, kama nimevaa soksi nene. Raha nayo ina gharama zake. Kesho nitakaa kama watu wa kawaida.

Nimetema asubuhi, mchana na jioni. Hata maji ya jioni. Vidonge vya Jumapili navyo vilirudi vizima, rangi yake ile ile. Lakini nimepita mlango wa stoo bila kugeuka ubavu. Ubavu! Miaka yote nilikuwa napita kama kaa.

Jumanne, 6 Mei

Nimekosa ndoo.

Nilivuta chai, nikaona ndoo mbili. Nikachagua moja. Chai ikamwagika sakafuni, kwenye viatu vya Mkubwa. Hakuna aliyecheka. Ningelipa mtu acheke. Mkubwa akachukua tambara akafuta mwenyewe, akasema nenda nyumbani, Kibegi, nenda kalale, na akanishika kiwiko kwenye ngazi kama anamshusha bibi yake. Pale dirishani nilisimama. Malori yalikuwa mengi kuliko kawaida.

Nimechoka tu. Macho yamechoka. Nitalala.

Jumatano, 7 Mei

Mistari ya daftari inapandana. Naandika katikati.

Dada amekuja. Nani kamwita. Simu ililia, yule wa Jumatano. Dada ameinyakua, anapiga kelele na yule wa Jumatano, nimewaambia wapunguze sauti, Mama yuko jikoni anaosha vyombo. Nasikia vikombe. Wananitazama. Miguu iko wapi

Jumapili, 11 Mei

Niko wodini, na ninaona muuguzi mmoja. Jana na juzi walikuwa wawili, wanatembea sambamba. Leo ni mmoja! Nimemwambia hongera kwa kuwa mmoja, akacheka mpaka akaegemea toroli.

Yaliyotokea nimeyapata kwa Dada, kwa kuwa mimi mwenyewe siyakumbuki. Niandike kabla hayajanipotea tena.

Fundi ndiye aliyemwita. Aliniona nikitambaa kwa ukuta kwenda msalani, na akakumbuka kiapo nilichomwapisha, kwamba hatamwambia Dada lolote, na akakivunja. Ahsante, Fundi. Chuma chembamba kweli hakibebi geti.

Basi Dada akafika Jumatano, akanikuta kwenye kochi na simu iko kwenye spika kwa sababu nilibonyeza kitufe nisichokiona. Muuguzi wa Simu yuko kwenye maswali yake. Maji? Ndiyo. Kutembea? Ndiyo — na siwezi kusimama! Vitamini? Ndiyo. Unatapika? Nami, kwa ulimi ulioanza kuwa mzito: hapana, natema tu.

"Anatema nini?" Dada akauliza. Akauliza hewani, mimi na simu wote.

Muuguzi akasema anatema chai, si ndiyo kazi yake?

"Chai gani! Anatema chakula! Anatema maji! Asubuhi, mchana, jioni, kila anachotia mdomoni, tangu lini sijui! Kwenu hiyo inaitwaje?"

Dada anasema sauti ya muuguzi ilikuja tofauti kabisa. Anaona kimoja kimoja au viwili viwili? Miguu ina ganzi? Anajua yuko wapi? Hapo ndipo nilipowaambia wapunguze sauti, Mama yuko jikoni. Dada akakaa chini, sakafuni. Mama amekufa mwaka wa tisa huu.

Muuguzi akasema mpelekeni hospitali yoyote iliyo karibu, sasa hivi, na msikate simu. Fundi akanibeba. Akanibeba mikononi! Mara ya mwisho alijaribu siku ya harusi, tukaishia mlangoni na mgongo wake. Hata katika habari mbaya hii kuna kaushindi kadogo, nacho nakichukua.

Kwenye zahanati mganga wa zamu aliona mtu aliyekauka, akataka kunitundikia dripu ya sukari, kama ambavyo yeyote angefanya. Dada akambandika simu sikioni. Muuguzi akamweleza: huyu amekatwa tumbo, ametapika wiki nyingi, mwili hauna kabisa vitamini ile ya kwanza ya kundi B, na sukari ikitangulia itamaliza kile kidogo kilichobaki, ubongo uharibike. Vitamini kwanza kwenye mshipa, sukari baadaye. Mganga alisikiliza, akaishusha chupa, akaenda kabatini mwenyewe. Kisha gari la wagonjwa likanileta huku.

Daktari wangu amekuja asubuhi hii na ule mchoro wa ndizi. Ndizi yangu imebana katikati. Alinitajia hatari hiyo, naye alikumbuka kwamba alinitajia, nami nilikumbuka. Kesho kutwa wataingiza kipira kidogo kupitia mdomoni, wakijaze hewa, kipanue njia. Macho yatapona, anadhani. Akili imesharudi, anashukuru. Miguu? Miguu tutaona. Mishipa ya fahamu haina haraka. Wengine hupona kabisa, wengine hubaki na fimbo.

Nikamuuliza nitakatwa? Akashangaa. Hapana, akasema, hii si hiyo. Na tena sukari yako, tumepima, imeshuka vizuri sana. Nikalia kwa furaha na hofu, yote kwa macho hayo hayo mawili yanayoona kimoja.

Nilisema natema. Neno moja! Muuguzi wa Simu amepiga hadi wodini. Anajilaumu, eti angeniuliza nini. Nikamwambia asijisumbue, mimi ningemjibu hata hilo kwa ufundi. Sasa amebadilisha swali lake, anasema. Anauliza hivi: kuna chochote kinachopanda juu baada ya kushuka, kwa jina lolote unaloliita?

Jumatano, 14 Mei

Kipira kimepita. Koo linauma, sijaruhusiwa kitu mdomoni hadi watakaponiambia. Dripu tu.

Dada analala kwenye kiti kando yangu. Siku nzima ana kitu mdomoni, namwona. Midomo inafunguka, inafunga. Namjua, ni ile methali. Ameibeba tangu Machi, imeiva, na sasa guu lenyewe liko hapa limelala kitandani, na hasemi! Nimemhurumia. Leo nikamwambia: sema tu, utapasuka.

"Asiyesikia la mkuu," akaanza. Akasita.

"Hupakwa mafuta miguuni na mkuu huyo huyo," nikamalizia.

Tulicheka mpaka jirani wa kitanda cha pili akauliza kuna nini. Halafu Dada akalia. Akasema siku ile nilipomtaja Mama jikoni alikwenda kuangalia. Aliinuka sakafuni, akaenda jikoni, akaangalia kweli. Nikamshika kichwa. Nikamwambia nilikosea kuficha, na kwamba kukatwa sijutii, na yote mawili ni kweli. Akasema yote mawili ameyasikia.

Kisha akachukua chupa ya mafuta, akafunua shuka. Kidole kwa kidole, kama kawaida yake. Mimi natazama dari. Na nikasema: mikono yako ina baridi.

Akasimama. "Umesemaje?"

Mikono yako! Ina baridi!

Akashika kidole kidogo cha kushoto. Hiki? Hapana. Kinachofuata? Hapana. Gumba? Gumba! Gumba la kushoto, gumba la Mama, lina baridi! Dada amepiga kigelegele wodini, muuguzi amekuja na uso wa kugomba, akaambiwa, naye akakishika kidole. Fundi alipofika jioni naye akakishika. Kidole changu leo kimesalimiwa na watu wengi kuliko bibi harusi.

Jumapili, 18 Mei

Asubuhi nimesimama na lile fremu la chuma. Fundi amelikagua kwanza, anasema viungo vimechomelewa ovyo, lakini litanibeba. Nimesimama! Magoti yanacheza, kushoto bado nakanyaga pamba, ila nimefika mlangoni, nikashika fremu ya mlango kama mshindi anavyoshika kombe, na nikarudi. Mazoezi ni kila siku sasa. Hakuna anayeniahidi fimbo wala anayeninyima.

Na daktari ameruhusu vinywaji. Funda moja, ngoja, funda jingine, ngoja. Dada amekwenda mbio nyumbani na kurudi na chupa ya kutunza joto. Chai! Tena kutoka kwa Mkubwa, kwenye bahasha, na ujumbe kwamba Kibegi aseme hii inafaa au haifai, wao wamebishana wiki nzima.

Naandika huku kikombe kiko mbele yangu kwenye kimeza cha wodi. Rangi nzuri, shaba iliyosuguliwa. Dada amekaa ukingoni mwa kitanda, amepakata beseni. Ameniambia: "Ikirudi, sema imerudi. Neno lenyewe. Usinitafutie jingine." Nimemwahidi. Leo pia nimeanza tena kumung'unya vile vidonge vyenye ladha ya msumari, sasa ni kila siku ya Mungu, kwa hiyo sijui ulimi utaniambia nini.

Nimechota. Nimevuta kwa mlio — jirani ameruka kitandani! Imesambaa. Iko pale, chini ya msumari, mbali kidogo, kama mtu anayegonga mlango wa nyuma. Naijua. Ni ya mashamba ya juu, imechumwa baada ya mvua. Inafaa! Waambie inafaa.

Mdomo mzima unataka kutema. Miaka yote hii haujui kazi nyingine. Beseni liko pale, karibu, ningelipata nikiwa nimefumba macho.

Nimemeza.

Imepita koo. Imefika pale kati, pale pa kusimamia. Dada haninyanyulii macho, anatazama kalamu yangu. Nimemwonyesha mkono asubiri. Imesimama, naisikia joto lake. Bado imesimama —